Visiwa Alivyovikataa Mama Mkwe

Ujumbe uliingia kwenye simu ya Boram akiwa anakunja nguo za shule za mtoto.

"Mama amekataa Guam. Anasema jua la kule litamuunguza."

Aliyeutuma alikuwa chumba cha pili, ukuta mmoja tu katikati, na alikuwa mume wake wa ndoa. Boram akajibu kwa kidole gumba.

"Sawa. Basi Cebu."

Upande wa pili Taesik akakohoa. Simu ikalia tena.

"Nitamuuliza."

Ndivyo walivyoishi nyumba moja pale Cheongju. Chumvi imekwisha, ujumbe. Darin ana homa, ujumbe. Mezani walikaa na mtoto wao huyo wa miaka tisa katikati, wakazungumza naye yeye, na maneno ya huyu yakamfikia yule kupitia kichwa cha mtoto. Hapakuwa na ugomvi. Jirani wa chini alimsifia Boram kwenye lifti kwamba nyumba yao ina utulivu sana, na Boram akamshukuru.

Mwezi wa sita walikuwa wamekwenda mahakama ya familia kuandikisha talaka ya makubaliano. Kwa kuwa wana mtoto, mahakama iliwarudisha nyumbani wakajifikirie, waje mwezi wa tisa kusema kama bado wanataka. Boram alitoka mle ndani akaenda moja kwa moja kazini kwenye duka la miwani, akampima mzee mmoja macho, akamchagulia fremu nzuri. Hakuhisi kitu. Na hilo si la siku ile tu, lilikuwa limetimiza karibu miaka miwili: akijikata kisu anaona damu, maumivu hayasikii.

Sasa, mwaka huohuo mama mkwe alikuwa anatimiza miaka sabini, na miaka sabini si jambo la kukata keki sebuleni. Jinsuk, mdogo wake Taesik, mwanamke mwenye mdomo usiolala, akatangaza kwenye kundi la familia kwamba Mama apelekwe kisiwa cha joto, na waende wote, bibi, watoto na wajukuu, wakati wa mapumziko ya Chusok, ile sikukuu ya mavuno. Wote wakashangilia. Kisha kazi ya kuchagua kisiwa ikatua kwenye mapaja ya Boram bila mtu kupiga kura, maana yeye ni mke wa kifungua mimba wa kiume, na mambo ya namna hiyo huwa yanajua yenyewe pa kwenda.

Boram na Taesik walikubaliana wasiseme lolote kuhusu mahakama mpaka sherehe ya Mama ipite. Mama hakuwemo kwenye kundi, alikuwa na simu ya kukunja inayopiga na kupokea tu. Kwa hiyo Boram anachagua, Taesik anampigia Mama, Taesik analeta jibu.

Na majibu yalikuja. Cebu ikakataliwa, Mama anaogopa kuumwa tumbo. Okinawa ikakataliwa, vimbunga. Bali ndege inakaa sana angani, na magoti ya Mama yanamsumbua. Phu Quoc chakula chao kina yale majani yenye harufu ya kunguni.

"Wifi, huyu tumpeleke mwezini tu," Jinsuk akaandika kwenye kundi. "Huko hakuna jua wala kunguni."

Boram alishangaa kidogo kwamba mwanamke aliyelima zabibu Okcheon maisha yake yote leo analiogopa jua. Lakini kushangaa nako kunataka nguvu. Akaandika: "Sawa. Nitatafuta kingine."

Ukweli ni kwamba Boram hakumtegemea mama mkwe kwa jema lolote, na alikuwa na sababu yake.

Mwaka juzi, mkesha wa Chusok, alikuwa jikoni kwa mama mkwe tangu alfajiri akikaanga samaki na maboga kwa mayai, vya kuwekwa kwenye meza ya sadaka kwa mababu kesho yake. Mama yake mzazi alikuwa amelazwa Daejeon, nusu saa tu kwa gari. Asubuhi mama mdogo akapiga simu: hali imebadilika, njoo. Boram hana kaka wala dada. Alimfuata Taesik ukumbini na unga mikononi, akamwambia lazima aende. Taesik akasema ngoja nimuulize Mama. Akatoka uani. Akarudi.

"Mama anasema umalizie kukaanga kwanza. Wajomba wameshafika. Jioni nitakupeleka mwenyewe."

Boram alifundishwa hivyo, na aliolewa akijua hivyo: neno la mama mkwe siku ya mababu halijadiliwi. Akarudi kwenye kikaango. Mama yake alikata roho mchana, mafuta yakiwa bado moto jikoni. Boram alizika bila kulia, na tangu siku ile hakuwahi kukanyaga kwenye kaburi la mama yake kule Boeun, wala kumpigia simu mama mkwe. Alikwenda kila sikukuu, akakaanga, akaosha vyombo, akaondoka.

Jumamosi moja alasiri, mwezi wa nane, Taesik akiwa zamu kiwandani na Darin kwenye somo la kuogelea, kengele ya mlango ikalia. Alikuwa mama mkwe. Amekuja kwa basi bila taarifa, na boksi mbili za zabibu kazifunga pamoja kwa kamba. Alivua viatu, akaketi sakafuni akiegemea kochi kama kawaida ya watu wa umri wake, akakataa kahawa, akakataa feni. Boram akajua hii si ziara ya zabibu.

"Mama Darin, nakuuliza jambo moja, nawe unijibu kama mtu asiyeniogopa. Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, Mama."

"Basi mbona kila kisiwa ninachokubali mimi, wewe unakikataa?"

Boram alikuwa anaosha zabibu. Akafunga bomba.

"Mimi nimekataa?"

"Guam nilisema ndiyo kabla Baba Darin hajamaliza sentensi. Kesho yake ananipigia: Boram hataki, anasema mbali. Cebu nikasema twende, hata kwenye boti nitalala. Boram hataki. Ile Bali ndiyo usiseme, nilishanunua kofia. Nikajisemea, huyu mtoto hataki kusafiri na mimi ila anaona haya kutamka. Nimekuja nikwambie utamke. Sitakasirika."

"Mama, mimi niliambiwa wewe umeogopa jua."

Mama mkwe akaiangalia mikono yake, myeusi mpaka juu ya kiwiko kwa miaka ya shambani.

"Mimi? Niogope jua?"

"Na kuumwa tumbo. Na magoti."

"Magoti yangu juzi yamepanda mlima kuchuma uyoga."

Walitazamana. Boram alihisi kichwa chake kinakwenda polepole sana kuelekea mahali asipopataka. Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema labda Baba Darin amechanganya mambo, wakacheka, wakala zabibu. Akajifuta mikono, akaketi sakafuni mbele ya mama mkwe.

"Mama, mkesha wa Chusok ya mwaka juzi. Ulisema nimalize kukaanga ndiyo niende?"

"Uende wapi?"

"Hospitali. Kwa mama yangu."

"Hospitali gani, mwanangu? Mama yako si alifariki ghafla? Si tulipata habari mchana pamoja?"

"Alikuwa amelazwa. Asubuhi walinipigia kwamba hali mbaya. Baba Darin akatoka uani kukuomba ruhusa."

Sauti ya mama mkwe ilishuka.

"Hakuniomba kitu. Aliingia baadaye jikoni akaninong'oneza: Boram hajisikii vizuri leo, usimsemeshe. Nikakuacha. Nilikuona machozi yanakutoka juu ya kikaango, nikadhani ni moshi wa mafuta. Kwa hiyo mama yako alikuwa anakata roho, na wewe uko jikoni kwangu?"

"Ndiyo, Mama."

"Na ukaamini mimi ndiye niliyekuzuia."

"Ndiyo."

"Miaka yote hii miwili umekuja kwangu unakaanga, unaniinamia, na rohoni unaniona muuaji."

"Ndiyo, Mama."

Mama mkwe akaanza kulia. Alilia kwa sauti, akipiga mapaja, akimwita marehemu mkwe mwenzake kwa jina la mtoto wake, Mama Boram, Mama Boram, nisamehe. Boram akamsogelea akamshika bega. Aliona kila kitu vizuri, mikunjo ya shingo, kamba ya boksi, maji yanayodondoka bombani. Alijua kwamba hapa mtu hulia. Machozi hayakuja. Mama mkwe alilia kwa niaba ya wote wawili.

Taesik aliporudi jioni na sare ya kiwanda aliwakuta hapohapo sakafuni. Alimwona mama yake, akamwona mkewe, akabaki mlangoni na kiatu kimoja mguuni.

"Ingia," mama yake akasema. "Leo hakuna wa kukubebea maneno. Sema kwa mdomo wako, mimi na mkeo tunasikia wote."

"Mama, kuhusu kisiwa..."

"Achana na kisiwa. Anza na mwaka juzi."

Taesik alikaa chini palepale penye viatu. Ni mtu mpole, kiwandani wanampenda, maisha yake yote amekuwa akipita katikati ya watu akimpaka kila mmoja mafuta ili pasiwe na kelele. Aliongea akiangalia sakafu.

"Nilifika uani. Wajomba walikuwa wamekaa na Mama. Nikaona haya kusimama mbele yao niseme mke wangu anaomba kuondoka mkesha wa mababu. Nikajua watanicheka. Nikadhani mgonjwa atakuwa hai mpaka jioni. Nikageuka."

"Ukaniambia Mama kasema," Boram akasema.

"Nilijua ukisikia ni Mama hutabisha."

"Na nilipozika?"

"Kila siku nilitaka kukwambia. Kila siku ilipopita ikawa ngumu zaidi. Nikaona bora umchukie Mama, yeye anakaa mbali. Ukinichukia mimi utaondoka."

"Nikaondoka hivyohivyo."

"Ndiyo."

Mama mkwe akauliza kuondoka kupi huko. Boram akamweleza habari ya mahakama kwa maneno machache, kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa. Mama akafumba macho.

"Na visiwa?" Boram akaendelea. "Visiwa vimekukosea nini?"

"Ndiyo mazungumzo pekee yaliyobaki," Taesik akasema. "Ukiniandikia Cebu, najua kesho utaniandikia kingine. Kisiwa kingepatikana, usingekuwa na sababu tena ya kuniandikia."

Jinsuk angekuwepo angesema ni jambo tamu. Boram aliyageuza maneno hayo kichwani akaona ndani yake kuna mapenzi, ya kweli kabisa, na kwamba mapenzi hayo yamemtumia mama wa watu kama ngao mara ya pili.

"Umemlisha Mama maneno tena," akasema. "Umejifunza nini?"

Aliyejibu ni mama yake.

"Mwanangu Boram, mwezi wa tisa nenda mahakamani. Mimi sitakushika mkono, sina uso wa kukushika. Lakini kisiwa tunakwenda, mimi na wewe na Darin, na Jinsuk na mapacha wake. Na wewe, Taesik, unabaki na mababu. Ni wa ukoo wako, si wa Boram. Utanunua samaki, utakaanga, utapanga meza, utainama. Wajomba wakicheka, wacheke."

"Mama, mimi sijui kukaanga."

"Hata yeye hakuzaliwa anajua."

Kisha akamgeukia Boram akamuuliza anataka kisiwa gani. Boram akasema hajui, kwamba siku hizi hajui anataka nini, hata kwenye chakula. Mama akasema basi yeye atachagua kwa niaba ya wote, tena mbele yao wakisikia, na akachagua Phu Quoc, maana jirani yake alikwenda akarudi akasema asubuhi hotelini wanatoa uji. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu yote. Kazi iliyowashinda miezi miwili iliisha kabla zabibu hazijakauka maji.

Siku ya mahakama ilikuwa Jumanne. Walikwenda kwa magari mawili. Hakimu alikuwa mama wa makamo mwenye mafaili mengi mbele yake, na alikuwa na swali moja: bado mnataka kuachana?

"Mke wangu anasema..." Taesik akaanza.

"Nakuuliza wewe."

Boram alitazama mbele, kwenye saa ya ukutani.

"Mimi sitaki," Taesik akasema. "Mimi nampenda. Lakini nilimfungia njia siku mama yake anakufa, kwa uongo, na sitamfungia njia nyingine. Kama anataka kwenda, nakubali."

Hakimu akauliza tena kama hilo ni ndiyo. Taesik akasema ni ndiyo. Akaulizwa Boram, naye akasema ndiyo. Wakapewa karatasi, kila mmoja ya kwake, wakaambiwa talaka itakamilika mmoja wao akiipeleka ofisi ya mji ndani ya miezi mitatu, na isipopelekwa, itakuwa kama hawakuja. Boram akaitia kwenye mkoba. Kwenye ngazi za nje Taesik akamtakia safari njema, kwa mdomo, akimtazama. Alikuwa mwekundu macho. Boram akasema asante na kwenda kazini.

Phu Quoc ilikuwa kama picha zake, na Boram aliipitia kama mtu anayezitazama picha. Mama mkwe alikula uji wa hoteli akaulalamikia, akatoa kwenye mkoba mchuzi wake mzito wa pilipili aliofunga kwa mifuko mitatu. Jinsuk aliungua mabega siku ya kwanza akamlaumu kila mtu. Watoto walitoka majini kula tu. Mama mkwe hakumwachia Boram kazi hata moja. Akinyanyua sahani, anapokonywa.

"Kaa," anaambiwa. "Umeshakaanga vya kutosha."

Siku ya mkesha wa Chusok walikuwa wawili chini ya mwavuli ufukweni, watoto majini. Hakuna aliyetaja ni siku gani. Mama mkwe alikuwa anamenya embe, na Boram alijua kwamba anajua, kwa jinsi alivyokuwa hamtazami. Simu ikatetemeka.

"Nimemaliza kukaanga nikaja Boeun, kaburini kwa mama yako. Nafyeka nyasi. Hakuna aliyenituma."

Boram aliusoma. Akausoma tena. Halafu akafanya kitu ambacho hakuwa amekifanya mwaka mzima, akapiga.

"Uko hapo kweli?"

"Nipo."

"Nyasi zimekuwa ndefu?"

"Zinanifika kiunoni. Nimefika nusu."

Boram akajaribu kusema jambo likakwama.

"Unataka nimwambie mama yako..." Taesik akaanza, kisha akajikata. "Hapana. Zungumza naye mwenyewe. Nimeweka sauti ya juu. Naiweka simu hapa juu ya jiwe, mimi nakwenda kule chini barabarani."

Zikasikika nyayo zikipungua kwenye nyasi. Kisha upepo, na wadudu wa vuli wa Boeun, wakilia mlemle kwenye simu ufukweni Phu Quoc.

"Mama," Boram akasema. "Mama, ni mimi Boram. Nilikuwa nakaanga, Mama."

Hakufika mbele zaidi. Alijikunja, akalia kwa sauti ambayo hakujua anayo. Iliuma. Iliuma kila mahali kwa mpigo mmoja, kifua, koo, mpaka meno, na katikati ya maumivu hayo akajua kwamba amerudi. Watalii wa mwavuli wa jirani waligeuka. Mama mkwe akainuka bila neno, akatandaza taulo kubwa kwa mikono miwili akasimama nalo kati yake na watu, mgongo kwa mkwewe, akawapigia kelele watoto waliokuwa wanakuja mbio kwamba warudi majini. Alisimama hivyo mpaka mikono ikamtetemeka, na hakuishusha.

Boram aliongea na mama yake kwa muda mrefu. Aliyoyasema ni yao wawili.

Alipotulia aliita.

"Baba Darin."

Ilibidi aite tena mara kadhaa. Kisha nyayo zikarudi, na pumzi ya mtu aliyepanda kilima mbiombio.

"Nipo. Nilikuwa barabarani, sikusikia kitu."

"Nyasi zilizobaki utazimaliza?"

"Leo hii."

"Samaki walitokaje?"

"Wameungua. Wajomba wamecheka sana."

Boram akajifuta uso kwa ncha ya taulo la Mama.

"Jumapili saa kumi jioni tunatua. Njoo utuchukue."

Taesik aliuliza kwa kuogopa.

"Na ile karatasi ya mahakama?"

"Ninayo bado. Tutaiongelea tukikaa, mimi na wewe, kwa midomo yetu. Sijui nitasema nini. Ila nitasema mimi."

"Nitakuja," Taesik akasema. Kisha, kwa mazoea ya miaka mingi, akauliza, "Mama ndiye amesema nije?"

"Hapana," Boram akasema. "Nimesema mimi."